Kiuno cha Fundi wa Matangi

Watu wengine hulia kwa unene. Wanajinyima, wanakunywa maji ya moto na ndimu, wanakimbia asubuhi barabarani huku wakihema mpaka mbwa wanawaonea huruma. Fundi mmoja wa karakana ya ndege za jeshi, ambaye wenzake walimwita Uzi, alilia kwa wembamba. Alikuwa mwembamba wa kuzaliwa, mabega yake yakijikunja kama mwavuli, na kila alipoinuka na kila alipolala alimwomba Mungu ampe kitambi. Hakukitaka kwa majivuno. Alikitaka kimwokoe.

Ukimwambia mtu kwamba unatengeneza ndege za jeshi, macho yanamtoka. Anadhani unavaa miwani myeusi na kupiga soga na marubani. Uzi hakuwahi hata siku moja kuruka na ndege. Alichokijua cha ndege ni matumbo yake. Ndege kubwa ya mizigo huweka mafuta ndani ya mabawa, na bawa lenyewe kwa ndani limegawanywa vyumba vyumba kama kabati lililolazwa chali. Kati ya chumba na chumba kuna ukuta wa bati wenye tundu, na chini ya chumba cha kwanza kuna mlango wa kuingilia, ambao nao ni tundu tu, upana wake hauzidi sinia la kuandalia chai. Maungio yote ya ndani hupakwa gundi nzito ili mafuta yasivuje. Gundi ikizeeka hupasuka, mafuta yanadondoka chini, na ndege hairuhusiwi kuruka.

Hapo ndipo mtu anapotakiwa kuingia. Mafuta yanatolewa, tangi linapulizwa hewa, kisha mtu anapenya, analala chali gizani na taa yake ndogo, na kuanza kukwangua gundi ya zamani pembeni mwa kila ribiti, ile misumari butu inayoshikilia mabati. Anakwangua kwa kipande cha plastiki, si kwa chuma, maana chuma kinaweza kutoa cheche, na cheche ndani ya mvuke wa mafuta haiachi hata mtu wa kuzikwa. Akimaliza kukwangua anafuta kwa dawa. Akimaliza kufuta anapaka gundi mpya. Akimaliza kupaka anahamia ribiti ya pili, na ribiti za bawa moja ni nyingi kuliko dhambi za mlevi. Shingo inakufa ganzi. Gundi ya zamani inamdondokea machoni. Akitaka kujikuna sikio, inabidi kwanza afikirie mkono wake atauzungushia wapi.

Karakana nzima ilijaa wanaume wenye mabega kama milango. Ilipoulizwa nani ataingia, wote waligeuka kumtazama Uzi. Mwaka wa kwanza aliona fahari. Walimwita daktari wa matumbo, naye akacheka nao. Lakini miaka ilipita, na fahari ikaisha kama sabuni.

Kwanza ilikuwa kichwa. Barakoa aliyopewa ilikuwa na vichujio vya kubadilishwa mara kwa mara, na vichujio hivyo vilikuwa njiani vinakuja tangu alipoanza kazi. Kila alipotoka tangini, kichwa kilimpiga kama mtu anayetwanga. Daktari wa kambi alimpa vidonge na kumwambia anywe maji mengi. Halafu pua ikafa. Mkewe alimpa maziwa anuse kama yameharibika, akasema ni mazima, na nyumba nzima ikashinda chooni. Hilo walilicheka.

Lililofuata halikuchekesha. Siku moja alikuwa amesimama mbele ya nyumba yake, na kitinda mimba wake, msichana wa darasa la kwanza, akachomoka kuvuka barabara kumfuata mpira. Gari la mchanga lilikuwa linashuka. Uzi akafungua kinywa amwite mtoto kwa jina, na jina halikuwepo. Alilitafuta mahali lilipokuwa likikaa siku zote, akakuta patupu. Alipiga kelele, "We! We mtoto!" Mtoto alisimama kwa sababu alishtuka, gari likapita, vumbi likatulia.

"Baba," mtoto alimwambia aliporudi na mpira wake, amekasirika kweli, "mimi nina jina."

Uzi alikwenda nyuma ya nyumba, akakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawa anapitia majina yote anayoyajua duniani. Jina lilimjia baadaye, alipokuwa ananawa miguu. Alilia palepale, maji yakiwa yanatiririka, na hakumficha mkewe machozi yake. Tangu siku hiyo alijua kwamba lile tangi linamtafuna kichwa, na asipotoka mapema hatatoka na kitu.

Alimwendea sajini, mkuu wa zamu yao. Alitaka kitu kimoja tu: ahamishiwe karakana ya magurudumu, upande wa pili wa kiwanja, ambako watu wanafanya kazi wamesimama wima, kwenye mwanga, na wanaona mvua ikinyesha.

"Uzi, ndugu yangu," sajini alisema, akilipiga tumbo lake kubwa kwa kiganja, "nikikutoa wewe, nani ataingia? Mimi hapa?"

"Afande, kichwa changu hakiko sawa."

"Nani humu kichwa chake kiko sawa? Vumilia. Wakileta mtu mwembamba, nakuachia siku hiyohiyo."

Sajini hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kuogopa wakubwa, ugonjwa wa wengi wanaokaribia kustaafu. Aliposema vumilia alimaanisha kwa moyo mmoja, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Na jeshi halikuleta mtu mwembamba. Lilileta vijana waliolelewa kwa kunyanyua vyuma, wenye shingo nene kama mapaja.

Mkewe Uzi alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa maneno machache, aliyezoea kuwapima watu viuno kwa macho kabla hajachukua futi. Ndiye aliyepata dawa. Alikuwa amemsikiliza mumewe akilalamika usiku kucha, asubuhi akaweka mkasi chini na kusema:

"Baba watoto, wanakuchukua kwa sababu unapita kwenye tundu?"

"Ndiyo."

"Basi usipite."

Hivyo ndivyo vita ya kitambi ilivyoanza. Uzi alikula. Alikula wali asubuhi, viazi mchana, mkate jioni, na kabla ya kulala alisimamiwa kama mtoto mpaka amalize bakuli la uji wa karanga. Mkewe alipunguza sahani yake mwenyewe ili ya mumewe ijae. Kwa wiki nyingi chakula kilizama bila kuonekana kilikokwenda. Halafu tumbo likaitika. Liliitika peke yake. Mikono ilibaki mikono ileile, miguu ileile ya korongo, ila katikati ukatokea mviringo kama mtu amekwapua boga sokoni akalificha ndani ya shati. Mkewe alimzungushia futi kiunoni kila Jumapili na kutabasamu. Aliachia mishono ya suruali zake mara mbili.

Rafiki yake aligundua mapema. Huyu alikuwa koplo mlinzi wa tundu, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama chini ya bawa wakati Uzi yuko ndani, asiondoke kwa hali yoyote. Walimwita Redio kwa sababu hakuzimika. Ndani ya tangi simu haziruhusiwi, wala redio za mkononi, kwa hofu ya cheche, kwa hiyo wawili hao walizungumza kwa kugonga bati. Uzi aligonga mara mbili: nipo. Redio alijibu mara mbili: nami nipo. Ikiwa Uzi amekawia kugonga, Redio alitakiwa kuita watu. Pembeni yake lilinguruma feni kubwa lenye bomba nene kama mkonga, likisukuma hewa safi mpaka ndani.

"Uzi siku hizi umekuwa kamba," Redio alimwambia. "Ukiendelea hivi tutakufungia ng'ombe."

"Nyamaza, bwana. Siku nikikwama mlangoni ndiyo siku yangu ya uhuru."

"Ukikwama nitapiga vigelegele. Ila usikwamie ndani, ndugu yangu. Kwama nje."

Siku aliyoichagua ilikuwa siku ya kazi ya bawa la kushoto. Mafuta yalikuwa yanavuja kutoka chumba cha pili. Uzi alikula asubuhi mpaka macho yakamtoka, akapanda jukwaa la chuma mbele ya sajini na mafundi wote, akanyoosha mikono juu kama mtu anayesalimu amri, akaingiza kichwa, akaingiza mabega, na kiuno kikagoma. Kiligoma vizuri kabisa. Alining'inia pale, nusu ndani nusu nje, na moyo wake ukajaa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka. Alisema kwa sauti ya masikitiko, "Afande, sipiti."

"Toa pumzi," sajini alisema.

"Nimetoa, afande. Sipiti."

"Toa yote."

Kisha akahisi bega la sajini chini ya makalio yake. Sajini alikuwa na kilo nyingi na aliziweka zote hapo. Uzi alipigwa teke na dunia kutoka chini, ngozi ya kiuno ikachubuka, na akajikuta ameingia. Barakoa, taa na kikwanguo vikamfuata. Mtu akishaingia, kazi inamngoja. Na Uzi, pamoja na hasira zake zote, hakujua kulala tangini bila kukwangua. Alijivuta hadi kwenye ukuta wa chumba cha pili. Tundu la ndani lilikuwa dogo kuliko la mlangoni. Alipita kwa kujikunja upande, ovaroli ikivutika na kukunjamana mgongoni, na alipofika upande wa pili alihema muda mrefu akijiuliza atarudije. Akajiambia atarudi jinsi alivyokuja, wakati tumbo litakapokuwa tupu. Ndiyo, alikwenda mwenyewe. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Alikwangua asubuhi yote. Aligonga, Redio akajibu. Aligonga tena, Redio akajibu.

Yaliyotokea nje alikuja kuyajua baadaye. Jenerali mmoja, mkubwa wa wakubwa, alikuwa anatarajiwa kesho yake kukagua kambi. Wakubwa hupenda kufika kabla ya siku waliyosema, ili wakute vumbi. Gari lake lilisimama mlangoni mwa banda la ndege bila taarifa. Sajini akatoka mbio, akipiga kelele watu wote wajipange mstari mmoja, na alipomwona Redio bado amesimama chini ya bawa alimjia na kumshika mkono.

"Mstarini."

"Afande, kuna mtu ndani."

"Najua kuna mtu ndani. Ni dakika chache tu. Unataka ahesabu mstari akute una pengo?"

Redio akaenda. Jenerali akasimama mbele ya mstari na kuanza kusema, na hakusikika, kwa sababu ya feni. Msaidizi wake alitazama huku na huku, akaliona, akalifuata na kulizima. Hakuna aliyemwambia asilizime. Hotuba yenyewe ilikuwa juu ya usalama kazini.

Uzi alisikia feni likizimika. Mwanzoni alidhani umeme umekatika, jambo la kawaida. Aligonga mara mbili. Kimya. Aligonga tena kwa nguvu. Kimya. Joto lilianza kupanda palepale, maana bawa lilikuwa limeelekea mlango wa banda na jua lilikuwa linalipiga. Dawa ya kufutia aliyokuwa amemimina kwenye kitambaa ikaanza kupanda nayo. Hakuisikia kwa pua. Aliisikia kwa macho, yalivyoanza kuwasha juu ya barakoa. Halafu, kupitia bati, alisikia sauti nzito ya mtu asiyemjua.

"Wahenga walisema ajali haina kinga," sauti ilikuwa inasema. "Mimi nasema kinga ipo. Kinga ni wewe na mwenzako. Askari mmoja ana thamani kuliko ndege zote zilizomo humu."

Makofi yakapigwa.

Uzi alizima taa yake asijue kwa nini, kisha akaiwasha. Alirudi kwenye tundu la ukuta, akatanguliza miguu, na kiuno kikakwama. Safari hii hakukuwa na bega la sajini. Alitoa pumzi, akasukuma; ovaroli ikajikunja na kuwa fundo kiunoni. Alijivuta kurudi ndani, akajaribu tena, ikawa vilevile. Lile boga alilolilea kwa uji wa karanga lilimshika pale kama mtoto anayemzuia baba asiende kazini.

Akalipiga bati kwa kisigino. Hakuwa na chuma mkononi, na hata angekuwa nacho asingethubutu. Alilipiga kwa kisigino mara nyingi, kwa nguvu zake zote, na nje hotuba ikasimama.

"Nini hicho?" sauti nzito iliuliza.

Kisha sauti ya sajini, ikitetemeka kidogo tu:

"Bati, afande. Jua likipanda, bati la bawa hutanuka."

"Vizuri. Hata bati linaniunga mkono."

Watu wakacheka. Uzi aliusikia mstari mzima ukicheka, watu anaokula nao, watu aliowahi kuwabeba wakiwa wagonjwa. Alitega sikio asikie sauti ya Redio, aliyekuwa hafungi mdomo hata kwenye msiba. Redio hakucheka, lakini pia hakusema neno.

Hapo ndipo Uzi alipoogopa hasa. Hofu ya kwanza ilikuwa ya hewa. Hii ilikuwa nyingine. Alielewa kwamba pale nje wanajua yuko ndani, kila mmoja anajua, na hakuna atakayelisema, kwa kuwa anayesema mbele ya jenerali anajitia kitanzi. Hata yeye angekuwa kwenye mstari ule, labda angecheka.

Kichwa kilianza kuzunguka. Alianza kulitaja jina la binti yake, kwa sauti ya chini, ndani ya barakoa, ili ajue kama akili bado ipo. Alilitaja, likaja. Alilitaja tena, likaja. Nje jenerali alikuwa amehamia kwenye mambo ya usafi wa viatu. Uzi alilitaja jina mara nyingi, kama mtu anayegusa mfuko kuhakikisha kwamba ufunguo haujadondoka, mpaka ikafika mara moja akafungua kinywa na ulimi haukujua pa kwenda. Aliuona uso wa mtoto, aliuona mpira wake, alijua mpaka lile jino lililong'oka. Jina halikuwepo.

Potelea mbali, akasema. Alivua ovaroli. Kuvua nguo mahali usipoweza kuinua kiwiko ni kazi ya nyoka, na aliifanya kinyoka, akijipinda na kujisugua, ngozi ikibaki kwenye ribiti zilezile alizozikwangua. Pembeni ya sakafu ya tangi kulikuwa na mafuta yaliyobaki, kidogo tu, ya kuchota kwa viganja. Alijipaka kiuno chote. Mafuta yalimchoma kama moto pale alipochubuka. Alitanguliza miguu, akatoa pumzi, akaibakiza nje, na hakuvuta nyingine. Kiuno kikateleza. Kikakwama mfupani. Kikateleza tena.

Alitoka. Alipita chumba cha kwanza hajui vipi, miguu ikaupata mlango wa chini, mwili ukafuata, na fundi wa matangi akaanguka kutoka tumboni mwa ndege hadi kwenye jukwaa la chuma, amevaa barakoa na chupi, anang'aa mafuta kama samaki wa kukaanga, mbele ya jenerali na kikosi kizima.

Hakuna aliyecheka. Alivua barakoa, akavuta hewa, akatapika pembeni ya jukwaa. Kisha, kwa kuwa alikuwa askari, akasimama wima na kupiga saluti.

Jenerali alikuwa mzee wa uso mpole, kinyume cha sauti yake. Alipanda ngazi ya jukwaa mwenyewe, mpaka wakawa ana kwa ana. Alilitazama tundu, akamtazama Uzi, akaitazama michubuko yake.

"Ulikuwa humo muda wote?"

"Ndiyo, afande."

"Unafanya kazi."

"Ndiyo, afande."

"Kijana, niambie mimi," jenerali alisema, na alisema kwa utaratibu, kama mtu anayetaka kujua kweli. "Usimwogope mtu yeyote hapa. Kuna tatizo lolote?"

Sajini alikuwa amebadilika rangi. Redio alikuwa analia waziwazi, machozi yanamshuka mpaka kidevuni. Mlango ambao Uzi aliutafuta kwa miaka ulikuwa umefunguliwa mbele yake, mpana, wa kupitisha hata lori, na aliyeufungua alikuwa ameushika akimsubiri apite. Uzi alikuwa na maneno yote. Vichujio, pua, kichwa, mtoto barabarani, feni. Aliyapanga usiku mwingi akiwa kitandani, yakaja yote kwa pamoja mpaka kooni.

"Hakuna tatizo, afande," alisema.

Kinywa kilisema chenyewe. Kilikuwa kimesema hivyo kwa kila mkubwa, kila ukaguzi, tangu siku aliponyolewa nywele za uraia, na hakikujua njia nyingine. Aliyasikia maneno yake kama yamesemwa na jirani.

Jenerali alimshika bega, bila kujali mafuta. Macho yake yalilowa. Alimgeukia sajini na kusema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mnamwona huyu? Askari kama huyu haokotwi njiani. Asiguswe. Asihamishwe. Abaki hapahapa mpaka astaafu, na awafundishe wengine."

"Ndiyo, afande," sajini alisema.

"Ila amenenepa." Jenerali alilichoma kwa kidole lile boga, akitabasamu. "Hili ni hatari kazini. Usalama kwanza. Daktari ampunguze."

Ndipo watu walipocheka, kwa kufunguka, kama watu walioponea chupuchupu. Sajini alicheka mpaka akajishika mbavu. Uzi alisikia kicheko kingine karibu sana na sikio lake, na ilimchukua muda kujua kwamba ni chake mwenyewe.

Jioni mkewe alimkuta amekaa kitandani, shati halijafungwa vifungo. Habari zilikuwa zimemfikia kabla yake. Mke wa Redio alimpitia kwenye cherehani yake na kumweleza yote, pamoja na yale ambayo mumewe alikuwa hawezi kuyasema bila kulia. Alileta maji ya moto na kitambaa, akaanza kumkanda kiuno.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Mbele ya watu wote?"

"Mbele ya watu wote."

Hakumlaumu. Alikikamua kitambaa, akakirudisha. Chumba cha pili watoto walikuwa wanagombania kifutio.

"Na mimi nikikuuliza?" alisema. "Mimi si jenerali. Kuna tatizo lolote?"

Uzi alikishika kitambaa mpaka kikapoa. Kisha akasema. Alisema kichwa kinamuuma kila siku, hata siku za mapumziko. Alisema kuna asubuhi anaingia kambini na hakumbuki alipitia njia ipi. Alisema leo mle ndani jina la mtoto lilimpotea tena, na kwamba hadi sasa, anapoongea, halijarudi, na anaogopa kumwita asije akamwita "we mtoto". Alisema anaogopa siku itakayofuata litapotea jina lake yeye, mkewe. Aliyasema yote kwa mpangilio mzuri, bila kigugumizi, kama mtu aliyefanya mazoezi.

Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia jina la mtoto, taratibu, mara mbili, naye akalirudia. Kisha akamshika uso kwa mikono yake yenye maji.

"Sasa hayohayo, vilevile ulivyoniambia mimi," alisema, "kamwambie yule mkubwa."

"Ameshapanda ndege, mama watoto. Ameondoka," Uzi alisema. "Tulipanga mstari, tukampigia saluti."